Uzio wa fito: ukisimama huoni ndani, ukipita na baiskeli unaona bustani nzima. Kwa nini?

Asumini

Habari zenu wakuu.

Nina uzio wa fito za mbao mbele ya bustani, zile nyembamba za kisasa zinazopangwa kwa nafasi ndogo ndogo. Fito zimesimama wima. Upana wa kila ufito ni milimita 45, unene 20, na fundi aliacha nafasi ya milimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Kimo ni mita 1.8. Lengo lilikuwa faragha, tukae kwenye viti bila kila mpita njia kujua tumevaa nini.

Nikisimama barabarani nikautazama, naona mbao na vistari vyembamba vya kijani, basi. Lakini nikipita na baiskeli, uzio unakuwa kama haupo! Naona viti, meza, hadi nguo kwenye kamba. Nikisimama tena, umefunga. Nimewaomba wengine wapite, nao wanasema hivyo hivyo.

Wanaojua watusaidie: hapo kinatokea nini? Na dawa yake ni kupunguza nafasi, au fito zilifaa kulazwa badala ya kusimamishwa?

Randa Kali

Nafasi ni kubwa, milimita 10 nyingi. Weka 5, uzi ufungwe.

Msomaji Kimya

Siti ya mbele. Na mimi naupanga uzio kama huo, nisije nikajenga kioo.

Kipimo

Fundi Randa usiufunge haraka. Nafasi peke yake haisemi kitu mpaka uijue na unene wa ufito.

Ukiutazama uzio wa wima kwa mshazari, unene wa fito ndio unaoziba. Nafasi ya 10 kwa unene wa 20 maana yake jicho likikengeuka zaidi ya nyuzi 27 kutoka kuutazama uso kwa uso, halipenyi tena popote. Ukitaka kulithibitisha, simama karibu na uzio utazame mbele yako, kisha geuza macho taratibu kulia: kuna mahali vistari vyote vinazimika na kubaki ukuta mtupu. Ukipunguza nafasi hadi 5 kwa unene uleule, ukuta unaanza kwenye nyuzi 14. Ukiongeza unene hadi 40 na kuacha nafasi ya 10, unapata nyuzi 14 zilezile. Kwa hiyo hata bila kubana fito unaweza kupata faragha, kwa kununua fito nene au kuzigeuza zisimame kwa ubavu.

Wa baiskeli anapopita, kila wakati kuna kipande kilicho mkabala naye kabisa. Hapo ndipo anapoonea.

Bundi

Kipimo umeeleza vizuri, ila hujajibu swali. Aliyesimama naye ana kipande kilicho mkabala naye, mbona haoni?

Mimi naona ni mwanga. Mtu huona kutoka gizani kwenda kwenye mwanga, na kinyume chake ni shida. Tazama mashrabiya za nyumba za zamani za Cairo: dirisha zima ni vitobo, aliye ndani anaona barabara nzima, aliye barabarani haoni hata kivuli. Na usiku taa ikiwashwa ndani, mambo yanageuka. Asumini, wewe unapita saa ngapi?

Asumini

Bundi, napita asubuhi na jioni, na mchana wa Jumapili. Saa zote ni hivyo hivyo, ila jioni jua likiwa nyuma ya bustani naona zaidi.

Kivulini

Mashrabiya inafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna chumba chenye paa, na chumba kina giza kuliko barabara. Bustani ya Asumini haina paa. Anga linaloangaza barabara ndilo linaloangaza viti vyake, kwa hiyo pande zote mbili zina mwanga karibu sawa. Siri ya mashrabiya haiwezi kuhamia hapo mpaka upande miti ya kivuli nyuma ya uzio. Ukiipanda, nakubaliana na wewe.

Na hiyo ya jioni iko wazi: jua likiwa nyuma ya bustani, uso wa uzio unaotazama barabara uko kivulini, viti viko kwenye jua.

Mzee Nguzo

Vijana mnazunguka. Jicho huhifadhi picha kwa muda mfupi baada ya kuiona. Unapopita, kila nafasi inakupa kipande chembamba cha bustani, jicho linakishika, kingine kinakuja, vinaungana. Ukisimama unabaki na vipande vilevile, havijazwi.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1824 daktari mmoja wa London, Peter Mark Roget, aliandika kuhusu gurudumu la gari la farasi linaloonekana kupitia uzio wa nguzo za wima. Aliona spoku zake zinajipinda badala ya kunyooka, akatafuta hesabu yake. Sababu aliyoitoa ni hiyohiyo, picha kudumu machoni.

Kipimo

Mzee Nguzo, heshima kwako. Hesabu inakubeba kwa sehemu. Ufito 45 na nafasi 10 ni milimita 55 kwa kila hatua ya uzio. Baiskeli ikienda kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, nafasi 91 hivi zinapita mbele ya jicho kila sekunde. Jicho la kawaida kwenye mwanga mzuri huacha kuona kumeta-meta kwenye mara 50 hadi 60 kwa sekunde. Kwa hiyo wa baiskeli hapati vipande, anapata picha moja tulivu, iliyofifia. Anayetembea kwa mita 1.4 kwa sekunde anapitiwa na nafasi 25 tu, naye ataona bustani ikimeta-meta.

Sasa picha ya wa baiskeli imetengenezwa na nini? Kwa asilimia 18 ni bustani, kwa asilimia 82 ni uso wa fito. Vyote vimechanganywa. Fito zikiwa nyeusi, ile 82 haiongezi mwanga wowote, bustani inabaki inaonekana, imefifia tu. Fito zikiwa nyeupe na jua limezipiga, bustani inamezwa.

Asumini, fito zako zina rangi gani?

Asumini

Mmh. Kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Niliambiwa rangi ya giza inaficha zaidi.

Randa Kali

Inaficha uzio, haifichi ulichokizungushia 😀. Rangi ya giza inafanya mbao zipotee machoni, mimea ionekane mbele. Wapambaji wa bustani wanaipenda kwa hilo. Ukitaka mtu asione ndani, upande wa nje uwe mwangavu. Hata wavu wa mbu dirishani, mweusi unaona nje vizuri, mweupe unaona wavu.

Chipukizi

Mbona mimi natembea kwa miguu na bado naona ndani kwa jirani? Hesabu ya Kipimo inasema nione kumeta-meta. Sioni kumeta-meta, naona bustani.

Mwalimu Dirisha

Chipukizi ameleta hoja nzito. Maelezo ya kudumu kwa picha machoni hayatoshi. Unapotembea, macho yako hayatulii kwenye uzio, yanafuata kitu kilicho nyuma yake, tuseme kiti. Kiti kinatulia kwenye jicho, na fito zilizo karibu ndizo zinazopita. Kila nafasi inafungua sehemu nyingine ya kiti kilekile, na ubongo unazipanga mahali pake. Hata kumbukumbu ya jicho ikiwa fupi, ubongo unaijua kazi hiyo.

Kuna jaribio la Mjerumani Zöllner, mwaka 1862: alipitisha michoro nyuma ya upenyo mmoja mwembamba, watazamaji wakaona umbo zima, ila limebanwa. Upenyo mmoja tu! Kwa hiyo nafasi 25 kwa sekunde zinautosha ubongo na kuzidi.

Mzee Nguzo

Mwalimu, jicho na ubongo sijui utavitenganishaje. Nabaki na Roget wangu.

Bundi

Na macho mawili? Macho yameachana kama sentimita sita na nusu, zaidi ya hatua ya uzio wa Asumini. Jicho la kulia linaona vipande ambavyo la kushoto halivioni. Asumini, fumba jicho moja ukiwa umesimama, kisha fumbua. Nadhani hata ukisimama utaona tofauti.

Asumini

Nimejaribu sasa hivi. Kwa macho mawili naona zaidi kidogo, ndiyo. Lakini si kama baiskeli. Na nimegundua kingine: nikisimama na kutikisa kichwa kulia na kushoto haraka, bustani inatokea! Jirani amenitazama sana.

Nimepima pia nafasi, kwa sababu ya hizi hesabu. Nyingi si 10 tena. Ni 11 na 12.

Randa Kali

Hapo ndipo kwenye tatizo! Mbao zilikuwa mbichi. Fundi wako alizipiga zikiwa na maji, zimekauka mahali zilipo, zimepungua upana, nafasi zimepanuka. Mbao haipungui urefu, au inapungua kidogo sana kiasi cha kutoonekana. Inapungua upana na unene.

Kipimo

Tuipigie hesabu. Mbao ikiwa na unyevu wa asilimia 30 nyuzi zake zimejaa maji, na chini ya hapo ndipo inaanza kusinyaa. Ikikaa nje ikafika 12 au 15, ufito wa paini wa milimita 45, uliokatwa kwa kufuata mviringo wa pete za mti, unaweza kupoteza milimita 2 hivi. Ubavu mmoja unapoteza moja, wa pili moja, na ufito wa jirani vivyo hivyo, kwa hiyo kila nafasi inaongezeka 2. Kutoka 10 hadi 12 ni palepale. Uwazi umetoka asilimia 18 kwenda 22, na pembe ya ukuta kutoka nyuzi 27 hadi 31.

Pima upana wa fito zenyewe tuone.

Asumini

Kuna za 43, za 44, na chache bado 45. Lakini niliuziwa kama mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, si paini.

Mzee Nguzo

Mwerezi huo hausinyai namna hiyo. Ni mbao tulivu sana, ndiyo sifa yake kubwa. Kutoka mbichi kabisa hadi kukauka kwa tanuri unapoteza asilimia 5 hivi kwa upana, paini inafika 7 au 8. Labda fundi hakuwa makini na kipande chake cha kupimia nafasi. Ukitumia kipande cha mbao kupimia kutwa nzima kinalika, kinabonyea, mwisho wa siku nafasi si zile za asubuhi.

Randa Kali

Kipande kikilika nafasi zinapungua mzee, haziongezeki.

Mzee Nguzo

Kweli. Basi alikuwa na vipande viwili.

Fundi Sere

Nimeingia kwa kuchelewa, nimesoma yote. Nina swali la mbao: Asumini, kuna michirizi myeusi chini ya skrubu?

Asumini

Ipo! Upande wa ndani ambao haukupakwa rangi nzito. Inashuka kutoka kila skrubu kama machozi.

Fundi Sere

Basi hiyo mbao ina tanini nyingi, yaani kemikali ya asili ya mbao, na skrubu ni za chuma cha kawaida au zinki yake imekwisha. Tanini ikikutana na chuma na maji, unapata weusi wa wino. Mwerezi mwekundu unafanya hivyo, mvule unafanya, mwaloni ndio usiseme. Paini haina tanini ya kutosha kuchora michirizi ya hivyo. Kwa hiyo kwa upande huo muuzaji huenda alisema kweli. Skrubu zibadilishwe, ziwe za chuma cha pua. Ukiwa karibu na bahari, chagua daraja la 316, si 304.

Ila usipinge hesabu ya kusinyaa pia. Mbao zikikatwa kutoka sehemu tofauti za gogo, mmoja anasinyaa mara mbili ya mwenzake. Ule uliokatwa pete zikiwa zimesimama kwenye unene unapungua nusu tu ya ule ambao pete zimelala. Tazama vichwa vya fito utaona pete zimekaaje, halafu linganisha na zile za 43 na za 45.

Kivulini

Michirizi myeusi inaweza kuwa ukungu. Kuna njia rahisi ya kujua: dondosha tone la maji ya klorini ya kufulia nguo juu ya weusi. Ukififia ndani ya dakika moja au mbili, ni ukungu. Usipobadilika, ni chuma. Weusi wa chuma unaondolewa na asidi ya oksaliki, kwa glavu na miwani tafadhali, na usichanganye dawa hizo mbili.

Msomaji Kimya

Kuna mtu anaweza kumwambia Asumini apime uzito? Mwerezi mwekundu mkavu ni mwepesi sana.

Kipimo

Wazo zuri. Mwerezi huo mkavu ni kama kilo 370 kwa mita ya ujazo, paini ni kama 500. Kipande cha mita moja cha ufito wa 45 kwa 20 kingekuwa gramu 330 kwa mwerezi na 450 kwa paini. Kuna kipande kilichobaki?

Asumini

Kipo stoo. Nimekata mita moja, mizani ya jikoni inasema gramu 390.

Randa Kali

Katikati kabisa. Mbao nayo inapenda ubishi.

Fundi Sere

Au ni mwerezi wenye unyevu, au paini nyepesi iliyokua haraka. Nusa sehemu uliyokata. Mwerezi mwekundu una harufu kali tamu, huwezi kuikosa.

Asumini

Inanukia, ila nina mafua.

Ngazi

Samahani natoka kwenye mada kidogo. Kwenye swali la mwanzo ameuliza kama alaze fito. Wote mmemkimbia.

Wangu umelazwa. Faida ni kwamba nikipita na baiskeli sioni chochote zaidi ya ninachoona nikisimama, kwa sababu mwendo wangu unafuata nafasi zilezile, haukati fito. Kwa hiyo kama shida ni wapita njia, kulaza ni jibu. Lakini mwanangu aliupanda kabla hajatimiza miaka minne. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinaingia kwenye nafasi za milimita 20. Tulimkuta ameketi juu, amefurahi. Nikaufunika kwa ndani na mbao za kusimama hadi kimo cha kifua. Kwenye bwawa la kuogelea msithubutu kabisa. Kanuni ya Australia ya uzio wa mabwawa, kwa mfano, inadai kimo cha angalau milimita 1200, nafasi za wima zisizidi 100, na vya kukanyagia vilivyolala viachane angalau milimita 900.

Kipimo

Ngazi, kuna upande wa pili. Fito zilizolazwa haziwi ukuta ukitazama kwa mshazari kutoka mbali barabarani. Jicho lililo kwenye kimo cha nafasi linapenya kutoka pembe yoyote ya kulia au kushoto. Kinachobadilika ni juu na chini. Ukiwa mita moja kutoka kwenye uzio wa nafasi 10 na unene 20, unaona kupitia mkanda wa nusu mita juu ya jicho na nusu mita chini, basi. Ukirudi nyuma mita nne, uzio wote wa mita 1.8 umefunguka.

Yaani kwa fito zilizolala, anayekaribia anaona kidogo na aliye mbali anaona kingi. Watu wanajenga wakidhani ni kinyume.

Chipukizi

Hii sijawahi kuisikia. Nimetoka nje kutazama wa jirani, ni kweli!

Bundi

Lakini umbali nao unazima. Jicho zuri linatenganisha dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Nafasi ya milimita 10 linaitambua hadi kama mita 34. Zaidi ya hapo vistari vinachanganyika kuwa pazia moja. Na pazia hilo, kama alivyosema Kipimo mwenyewe, ni asilimia 18 bustani. Tumerudi kwenye mwanga. Nilisema.

Kivulini

Hukusema hivyo, ulisema mashrabiya 😀.

Mama Kitalu

Mbona hakuna anayetaja mimea? Panda kitu kinachotambaa nyuma ya uzio, si juu yake. Waya uachane na mbao kwa sentimita kumi. Ukikiacha kitambae kwenye fito zenyewe, majani yanashika maji, mbao haikauki, na kuvu ya kuozesha inaanza kazi unyevu wa mbao ukipita asilimia 20 kwa muda mrefu. Nimeona uzio mzuri sana umeoza chini ya majani, nje ukiwa bado unang'aa rangi.

Na vichwa vya chini visiguse udongo, acha sentimita tano. Ubao unanyonya maji kwa kichwa haraka kuliko kwa ubavu, mara nyingi zaidi.

Mzee Nguzo

Mama Kitalu amesema la maana kuliko sisi wote. Fito za wima zina faida hapo, maji yanateremka na nyuzi za mbao. Zikilazwa maji yanakaa juu ya ukingo wa kila ufito. Anayelaza aranda ukingo wa juu uwe na mteremko, nyuzi 15 zinatosha.

Msomaji Kimya

Na upepo? Nilisoma kwamba uzio wa fito unapitisha upepo kwa hiyo nguzo hazihitaji kwenda chini sana. Kweli?

Fundi Sere

Mkuu, hilo litakuangushia uzio. Kinachosifiwa kwenye kilimo ni kizuizi kilicho wazi karibu nusu. Hicho kinapunguza kasi ya upepo bila kuurusha juu ukaanguka nyuma kwa vimbunga vidogo, na kivuli chake cha upepo kinafika mara kumi ya kimo chake. Uzio wa Asumini uko wazi asilimia 18 hadi 22. Mbele ya upepo huo ni ukuta. Nguzo ya mita 2.4, mita 1.8 juu na sentimita 60 chini kwenye zege, ndiyo chini kabisa ya ninachokubali, na mahali pa wazi naongeza. Juu ya zege pawe na mgongo maji yasituame shingoni mwa nguzo, maana hapo ndipo zinapoozea.

Na fito nyembamba za milimita 20 zisilazwe kwenye nafasi ya mita 1.8 kati ya nguzo bila kushikwa katikati. Zitapinda. Kila sentimita 60 hadi 90 weka kishikizo kwa nyuma.

Randa Kali

Tumrudie Asumini. Dawa ni moja: piga safu ya pili kwa nyuma, kila ufito uzibe nafasi ya mbele. Nguzo zina upana wa kutosha, hewa inapita kati, jicho halipiti. Ndivyo ninavyofanya mimi.

Kipimo

Inafanya kazi kama mwingiliano unatosha. Nafasi ya mbele 12, ufito wa nyuma 45, unazidi kila upande milimita 16 na nusu. Safu zikiachana milimita 75, unene wa nguzo, ukitazama uso kwa uso umefunga, lakini kwa mshazari kuna pembe fulani ambako nafasi ya mbele inakutana na nafasi ya nyuma na jicho linapita. Zisogeze safu karibu zaidi, upungufu huo unakwisha.

Mwalimu Dirisha

Na ukipita mbele ya safu mbili utaona mawimbi makubwa yanatembea juu ya uzio. Ni michoro inayozaliwa na mistari miwili kupishana. Wengine wanaipenda, wengine inawatia kizunguzungu. Ajaribu kipande kwanza.

Asumini

Asanteni wote. Nimejaribu vitu viwili. Nimepaka kipande cha uzio rangi nyeupe kwa nje, kama mita mbili. Nikapita na baiskeli mchana: kwenye nyeupe sioni viti, kwenye giza naviona. Kwa hiyo Kipimo na Randa wana lao. Lakini nikipita jioni, jua likiwa nyuma, na kwenye nyeupe naona! Kwa hiyo na Bundi ana lake.

La pili, nimefunga ubao mmoja usio na nafasi kwa mita moja katikati ya uzio. Nikipita, sehemu ile nayo naiona kama inapitisha kidogo, nadhani akili inajaza tu kwa kuwa pembeni nimeona.

Mwalimu Dirisha

Umeona! Ubongo.

Mzee Nguzo

Au jicho limebeba picha ya pembeni.

Bundi

Kwa jioni usibadilishe rangi tena. Weka taa ndogo chini ya uzio kwa upande wa barabara, ziangaze uso wa fito, na za bustani uzipunguze. Usiku watu wengi wanafanya kinyume, wanaangaza viti halafu wanashangaa wanaonekana.

Asumini

Nitajaribu. Safu ya pili nayo naitaka, kwa upande wa viti tu. Fundi Sere, fito mpya zimefika leo, nizipige kesho?

Fundi Sere

Hapana. Zipange kivulini zikiwa na vipande vidogo vya mbao katikati ili hewa ipite kila upande, juu weka kizito zisipinde. Pima upana wa fito kumi leo uandike kwa penseli mgongoni mwa kila mmoja. Pima tena kila baada ya siku chache. Upana ukiacha kubadilika, paka dawa kwenye vichwa vyote ulivyokata, ndipo upige. Na kabla hujapiga, tuwekee picha ya vichwa hapa. Nataka kuziona hizo pete, tujue ni mwerezi au la.

Randa Kali

Paini hiyo.